Gishora: ngoma ya kulimiwa, na shamba lake

Katika mazungumzo juu ya mila hapa kwetu, tangu Kavimvira hadi Makobola, kuna neno moja linalorudi kila mara: tujenge tena. Tujenge tena nyumba ya mwami vile ilikuwa, tuweke ngoma ndani, tuite watoto wa shule waje kuona. Hatuna ubaya na neno hilo. Lakini mbele ya kukata mti wa kwanza, ingefaa tutazame wale waliokwisha kujenga, tuone ni nini kilisimama na ni nini bado kimelala. Walio karibu nasi zaidi ni majirani wa Burundi, pale Gishora. Tulikwenda huko kiangazi cha mwaka 2023, walimu wachache pamoja na wanafunzi wakubwa wa sekondari. Kurasa hizi si habari za safari, wala hatutasimulia tulikula nini Bugarama. Tunataka kupima kazi, vile mtu anapima kitabu au mchezo wa kuigiza.

Kwanza fasi yenyewe. Toka Bujumbura barabara inapanda mlima hadi Bugarama, inapita Muramvya, inafika Gitega, karibu kilomita mia moja. Gishora iko mbele kidogo ya Gitega, kama kilomita saba. Usitafute kijiji. Burundi ya milimani haina vijiji kama hivi vyetu vilivyojipanga kando ya barabara. Kuna kilima, na kila rugo liko katikati ya migomba yake. Maharagwe, mihogo, mahindi, viazi. Mashamba ni madogo na yamebanana, hata mtu anajiuliza mbuzi anapita wapi. Katika mashamba hayo ndipo ulipo ua wa mwami, kiwanja kilichofagiliwa na nyumba za mviringo za nyasi zilizojengwa upya kwa mfano wa zamani.

Inasimuliwa kwamba Mwami Ntare Rugamba, yule aliyeipanua Burundi kati ya mwisho wa karne ya 18 na nusu ya karne ya 19, aliweka makao hapo baada ya kumshinda mkubwa mmoja aliyemwasi, jina lake Ntibirangwa. Aliacha hapo ngoma mbili za heshima na watu wa kuzilinda. Ngoma hizo mbili hazipigwi kwa ajili ya mgeni. Ziko ndani, katika nyumba yao. Anayesoma Biblia atawaza Sanduku la Agano, na hatakosea sana.

Majina yao ni Ruciteme na Murimirwa. Tunaomba msomaji akae kidogo juu ya majina haya, kwani kwa mawazo yetu ndiyo mlango wa jambo lote, na anayejua Kiswahili hahitaji mkalimani. Kwetu ni kulima, kulimia, kulimiwa. Kwa Kirundi ni kurima, kurimira, kurimirwa. Murimirwa ndiye anayelimiwa. Ruciteme nayo inatoka katika kutema: ni ile ambayo watu wanafyeka kwa ajili yake. Ndiyo kusema, ngoma mbili kubwa za kilima hiki hazikupewa majina ya vita, ijapokuwa zilizaliwa katika ushindi wa vita. Hazikuitwa simba wala radi. Moja imepewa jina kwa panga linalofungua shamba, nyingine kwa jembe linalofuata. Mtu akipanda kilima kati ya maharagwe ya watu, kisha asikie majina hayo mbele ya nyumba ile, anaelewa kwamba hapa hapakuwa kiwanja cha mziki tu.

Sasa tuseme kilicho kizuri, na kiko kizuri kweli. Wapigaji wanatoka wakiwa na ngoma vichwani, na wanapiga huku wakitembea, ngoma nzito vile, shingo imenyooka. Wanaziweka chini kwa nusu duara. Idadi yao ni kumi na kitu, na kila mara ni idadi isiyogawika kwa mbili, maana mmoja sherti awe katikati: ndiyo inkiranya, inayotoa mwendo. Amashakwe zinashika mdundo mmoja bila kupumzika. Ibishikizo zinafuata inkiranya pale inapopelekea. Mmoja baada ya mwingine wanaruka mbele, wanacheza na fimbo zao, wanasema maneno ya sifa na ya kuchekesha, wanarudi. Hakuna aliyesoma noti, hakuna anayehesabu kwa sauti. Wanafunzi wetu, ambao siku zote simu zao hazitoki mkononi, walisahau kupiga picha. Sisi walimu tunajua ni vigumu namna gani kupata hilo.

Tukitafuta sababu, iko wazi. Kilicho hai zaidi pale Gishora ni kile ambacho hakikuhitaji kujengwa upya. Nyumba za nyasi zilianguka na kusimamishwa tena, lakini mikono haikuanguka. Wapigaji wa kifalme, abatimbo, walikuwa jamaa maalum. Baba alimwonyesha mtoto, na mtoto alianza kupiga mbele ya kujua kusoma. Hata mti wa ngoma unajulikana kwa kazi yake: unaitwa umuvugangoma, mti unaoisemesha ngoma. Hilo tuliandike kwa herufi kubwa kwa wale wanaotaka kuanza na mabati na simenti: nyumba inajengwa kwa miezi sita, lakini fundi wa ngoma anajengwa kwa miaka ishirini, na akifa bila mwanafunzi hakuna bajeti itakayomrudisha.

Hata hivyo kuna jambo lilitukwaza. Tulipokuwa tumekaa kivulini baada ya mchezo, mwanafunzi mmoja aliuliza: Mwalimu, kama hii ni ngoma ya kulimiwa, shamba lake liko wapi? Tulicheka, kisha tukaacha kucheka.

Kwani zamani shamba lilikuwa kiini. Mfalme alikuwa na siku yake kubwa, Umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama, mwezi wa Desemba, mvua zikiwa zimeshika. Karyenda, ngoma iliyo juu ya ngoma zote, ilitolewa nje. Mwami alibariki mbegu, na hapo ndipo nchi ilifunguliwa kupanda. Tusisahau kwamba neno ingoma kwa Kirundi linashika mambo mawili pamoja, chombo cha kupiga na utawala wenyewe. Basi mdundo ule ulikuwa kalenda, tena sheria, tena sala. Hata wenzetu Bashi walikuwa na mubande, sherehe ya mwami ya kufungua kilimo. Jambo hili si geni katika milima yetu. Mtawala asiyejua siku ya kupanda alikuwa mtawala wa nini?

Umuganuro wa mwisho wa kifalme ulifanyika mwaka 1929. Mwami Mwambutsa alikuwa bado kijana, Wabelgiji walikuwa wameshika nchi, na Mapadri Weupe walikuwa wamekwisha kaa miaka thelathini hivi tangu misheni zao za kwanza. Kwa macho yao sikukuu ile ilikuwa ushirikina, na tena ilikuwa inampa mwami nguvu ambayo hakuna mtumishi wa koloni angeweza kuiandika katika daftari. Ikaachwa. Ngoma zenyewe hazikuachwa, zilibaki kwa ajili ya kupokea wakubwa na kuheshimu siku za serikali. Hapo, kwa mawazo yetu, ndipo ngoma ilitenganishwa na jembe, miaka mingi mbele ya mtalii yeyote kufika.

Anayetaka kuona mambo hayo kwa macho atazame bendera. Bendera ya Burundi huru, mwaka 1962, ilikuwa na ngoma ya Karyenda katikati, pamoja na shina la mtama. Mwezi wa Novemba 1966 Kapiteni Michel Micombero aliuondoa ufalme, na ngoma ikafutwa; mtama ukabaki peke yake. Mwaka 1967 mtama nao ukaondoka, zikaja nyota tatu tunazoziona leo. Hakuna mwalimu wa historia anayeweza kutunga somo fupi kuliko hilo: kwanza ngoma na mtama, kisha mtama bila ngoma, kisha hakuna hata kimoja.

Ngoma ilirudi kwa njia nyingine, njia ya jukwaa. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada, alitia ngoma za Burundi zilizorekodiwa ndani ya wimbo wake. Mwaka 1982 wapigaji wa Burundi walikuwa Uingereza katika tamasha la kwanza la WOMAD. Mwaka 2007 Burundi iliandika makao ya kifalme ya Gishora katika orodha yake ya fasi inazotaka ziingizwe siku moja katika urithi wa dunia, na mwaka 2014 UNESCO iliingiza mchezo wa ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi usioshikika kwa mkono. Yote hayo ni heshima, na nani angeikataa? Lakini jukwaa lina tabia yake. Linataka mwanzo wa kishindo, ruko refu, dakika zinazojulikana, na makofi. Halina mwezi wa Desemba. Leo mgeni anaweza kufika Gishora mwezi wowote, akalipa, akapigiwa. Ngoma inapigwa siku mgeni anapokuja, si siku mbegu inapotaka udongo. Tunasema hivyo bila kuwalaumu wapigaji. Wao wenyewe ni wakulima wa kilima kile, fimbo ikiwekwa chini jembe linachukuliwa. Ni ajabu kidogo: wakulima wa kweli wanawachezea wageni ngoma ya kilimo, na kilimo hakitajwi. Sisi wageni tuko na sehemu yetu katika hilo, maana tunauliza kila mara kuhusu uzito wa ngoma, na si mara nyingi kuhusu mtama.

Hapa tutoke kidogo Burundi, kwani swali la nini kinajengwa upya limejibiwa namna tofauti fasi nyingine. Huko Kampala, makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi yaliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Nyumba kubwa, Muzibu Azaala Mpanga, walimozikwa makabaka wanne, ikawa majivu. Kuijenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi, na ni Septemba 2023 tu ndipo UNESCO iliitoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Wengi walilalamika juu ya miaka hiyo mingi. Lakini tazama sababu moja: pale Kasubi si kila mtu mwenye ngazi anapanda kuezeka. Kuezeka ni haki ya ukoo wa Ngeye, na ndani dari inashikwa na pete 52, hesabu ya koo za Buganda. Ukipeleka kampuni, utapata paa kwa mwaka mmoja, na utakuwa umepoteza pete zote 52. Tena kilima cha Kasubi, ijapokuwa mji umekizunguka, sehemu yake kubwa bado inalimwa.

Japani ilisaidia kazi hiyo ya Kasubi, na si ajabu, maana wao wana mfano wao. Hekalu la Ise, la dini yao ya kale ya Shinto, linajengwa upya kila miaka 20: jipya linasimamishwa katika kiwanja kilicho kando ya lile la zamani, kisha la zamani linabomolewa. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013, na inayofuata ni 2033. Watu wanashangaa mbao, kwamba nyumba iwe mpya na ya kale kwa wakati mmoja. Sisi limetushika jambo dogo zaidi. Hekalu lile lina shamba lake la mpunga. Mpunga unapandwa kwa ibada, unavunwa kwa ibada, na mchele wake ndio unaotolewa sadaka ndani. Shamba halikuwekwa kwa ajili ya picha nzuri. Bila shamba, nyumba haina kitu cha kuweka mezani.

Tukirudi Gishora na kipimo hicho, tunaona kinachokosekana si kikubwa wala cha bei. Ni kipande cha udongo na mbegu ya amasaka, na siku moja ya Desemba ambayo ngoma inapigwa hata kama hakuna gari la mgeni katika kiwanja.

Kuna jambo la pili, nalo ni gumu zaidi. Mwezi wa Oktoba 2017 ulitoka uamuzi wa rais wa Burundi juu ya ngoma hizi. Ulikataza wanawake kuzipiga, wakabakiziwa michezo yao wenyewe. Ulitaka makundi yajiandikishe, na kwa tamasha lisilo la serikali iombwe ruhusa na ilipwe franka 500.000 za Burundi. Tunaelewa hofu iliyouzaa uamuzi huo. Ngoma ya kifalme ilikuwa inaonekana katika kila arusi na kila tangazo la bia, na kitu kinachopigwa kila mahali kinapoteza uzito. Watetezi watasema pia kwamba tangu kale wapigaji walikuwa wanaume. Ni kweli.

Lakini muulize fundi sehemu za ngoma zinaitwaje. Ngozi ya juu ni icahi, jina la ngozi ambayo mama anambebea mtoto mgongoni. Ukingo wake ni urugori, taji la mama mzazi, ambalo zamani lilitengenezwa kwa bua la mtama. Vijiti vinavyoikaza ngozi ni amabere, matiti. Katikati ni inda, tumbo. Chini kabisa, pale ngoma inapogusa udongo, ni umukondo, kitovu. Ngoma nzima ni mama. Na Karyenda yenyewe ilikuwa na mlinzi mwanamke, Mukakaryenda, ndiyo kusema mke wa Karyenda. Hivyo mila haikumweka mwanamke nje ya ua; ilimweka ndani kabisa, kwenye fasi ambayo mpigaji hafiki. Uamuzi wa 2017 ulichukua nusu moja ya mila, ile ya mikono ya wanaume, ukaiandika kuwa sheria, na nusu nyingine ukaiacha bila mistari. Urejesho unaochagua hivyo unaweza kusimamisha paa zuri sana, na bado ukawa umebomoa chumba. Juu ya zile franka 500.000, kikundi cha vijana wa kilimani hakiwezi kuzipata bila kwenda kuomba kwa mkubwa fulani, na mkubwa huyo atataka kupigiwa ngoma siku yake.

Tunajua kwamba kwa wasomaji fulani kusifu au hata kukosoa ngoma ya mwami wa Burundi ni jambo la kushika kwa vidole viwili. Katika teritwari yetu ya Uvira, Bavira, Bafuliru na Barundi wa tambarare ya Ruzizi, majina hayo yamebebwa mara nyingi katika magomvi ya ubwami, na damu imemwagika. Kutazama kazi ya jirani si kumpigia magoti. Na ni juu ya magomvi hayo hasa kwamba tunaogopa nyumba za mila zitakazojengwa haraka. Nyumba iliyojengwa kusudi kuonyesha kwamba ukoo fulani ulifika kwanza itakuwa ngome, hata kama imeezekwa kwa nyasi. Isipokuwa ngome, itakuwa payoti, kama zile za kunywea bia kando ya ziwa, ambazo nazo ziko za mviringo na nzuri.

Tungependa kamati yoyote itakayokusanyika hapa ianze na kazi nyingine, ya daftari na kalamu. Iende Lemera, iende Luberizi, iende kwa wazee wa Bavira juu ya mji, iulize: ngoma za hapa zilikuwa na majina gani, na kila jina lilisema nini? Zilipigwa mwezi gani? Nani alichonga, kwa mti gani, na mti huo ungali unaota wapi? Ni kazi gani ilikuwa ya wanawake katika siku hiyo, kuchagua mbegu, kutengeneza pombe, kulinda chombo? Nyimbo za kupanda ziko kwa nani? Wanafunzi wa mwaka wa sita wanaweza kuifanya kazi hii katika likizo moja, na gharama yake ni daftari mia moja na nauli. Wazee wanaojua hayo walizaliwa wakati wa Wabelgiji. Vita na kukimbia tangu 1996 vimewapunguza, na kila mvua tunazika wengine.

Swali la paa, la nyasi au la mabati, linaweza kungoja. Mama wa milimani, mvua ikishika, bado anakaa mlangoni na ungo wa mbegu magotini, anatenga nzuri na mbaya, na anajua kwa nini hii apande leo na ile angoje. Mpaka sasa daftari letu bado halijamfikia.